Uwajibikaji Usiovunja Siri: Namna ya Kuendesha Shirika Linalohudumia Manusura wa Ukatili wa Majumbani

Kikundi cha wakulima wa parachichi kule Rungwe kikitaka kuthibitisha kwamba fedha zake hazikuliwa, huweka mezani orodha ya wanachama, stakabadhi za miche na picha za shamba, na maswali yakaisha. Shirika linalohudumia wanawake wanaopigwa majumbani haliwezi kufanya hivyo. Mfadhili, Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali na wananchi wana haki ya kujua kila shilingi ilikokwenda, ilhali mwanamke aliyefika ofisini usiku, mtoto mgongoni, ana haki ya kutojulikana hata kwamba alifika. Haki hizi mbili huvutana kila siku, na shirika lisiloamua mapema namna ya kuzitimiza zote huishia kuvunja mojawapo: ama linaficha hesabu kwa kisingizio cha siri, ama linamwaga siri za watu kwa jina la uwazi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mashirika madogo ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, yale yenye watumishi wanne au watano na ofisi ya kupanga ya vyumba viwili Mwanjelwa, Kihesa au Makambako, ambayo hayana mwanasheria wala mkaguzi wa ndani. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: shirika la namna hii linawajibika kwanza kwa mwanamke aliyelikimbilia, kisha kwa jamii, kisha kwa Serikali na mfadhili. Mpangilio huo haupunguzi wajibu wowote wa kisheria. Unaamua tu ni nani asiumizwe pale tunapowajibika kwa wengine.

Bodi na katiba

Katiba ya shirika isiandikwe kwa kunakili ya shirika lingine na kubadilisha jina. Ianze kwa kutamka kwamba kumpiga mwenzi si mila wala si siri ya nyumba, na hapo mna pa kuegemea, kwa sababu kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mume au mke wake adhabu ya viboko. Nimeona wazee wakinyamaza katika kikao cha kijiji baada ya kusomewa kifungu hicho, maana wengi hudhani kwamba jambo hili limeletwa na wafadhili juzi.

Baada ya hapo katiba itaje idadi ya wajumbe wa bodi, muda wao wa kukaa madarakani, akidi, na nani ana mamlaka ya kumwajiri na kumwondoa mkurugenzi. Katika mashirika mengi ya kwetu mwanzilishi ndiye mkurugenzi, mume wake ndiye mwenyekiti, na shemeji yake ndiye mweka hazina. Watu hao wanaweza kuwa waaminifu kabisa, lakini siku mtumishi akitaka kumlalamikia mkurugenzi hatakuwa na mlango wa kubisha. Mimi napendekeza wajumbe saba wasio ndugu wa mkurugenzi, na miongoni mwao awemo muuguzi au tabibu, mtu anayejua hesabu, na mtu aliyewahi kufanya kazi za mahakama au msaada wa kisheria. Wawemo pia wanawake wasiopungua wawili walioyapitia mateso hayo wenyewe, ila wasitambulishwe hivyo kwa mtu yeyote, wala wasiombwe kusimulia maisha yao mbele ya wageni. Wamo kwenye bodi kwa sababu wanajua swali ambalo sisi wengine tunalisahau, kama vile nani atabaki na mbuzi na shamba la viazi mama akiondoka.

Miji yetu ni midogo na watu wameoana. Itafika siku mtuhumiwa atakuwa mdogo wake mjumbe wa bodi, au mfanyabiashara aliyechangia mabati ya ofisi. Kanuni iwe kwamba bodi haijadili shauri la mtu mmoja mmoja kwa hali yoyote; bodi hupokea idadi, fedha na malalamiko, basi. Kila kikao kianze kwa wajumbe kutangaza mgongano wa maslahi, na aliyetangaza atoke nje wakati jambo hilo linapoamuliwa, na muhtasari uonyeshe kwamba alitoka. Mjumbe anayechukua fomu ya kugombea udiwani au ubunge aachie nafasi yake siku hiyohiyo, kwa kuwa sheria inalitaka shirika lisilo la kiserikali lisifungamane na chama, na pia kwa kuwa wanawake wa chama kingine wataogopa kuja.

Hati ya malipo isiyo na jina

Hapa ndipo mashirika mengi huanguka. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusaidia kupanga mafaili ya shirika moja dogo kabla mkaguzi hajafika. Faili la hati za malipo lilikuwa juu ya meza ya mapokezi, jalada la kijani, limefungwa kwa uzi. Nilipolifungua, karatasi ya tatu ilikuwa ya nauli: jina kamili la mwanamke, kijiji alichotoka, majina ya watoto wawili, kituo cha basi alichoshukia, na jina la ndugu aliyempokea, pamoja na tiketi iliyobanwa pembeni. Mhasibu alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa chuoni. Wakati nasoma, mwanamume mmoja aliyekuja kuulizia kazi ya ulinzi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye meza ile, akisubiri. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini kama angekuwa ndiye mume, angetoka pale na ramani mkononi.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu ufuatao, na nimeona ukifanya kazi. Kila mteja apewe namba mara tu anapopokelewa, nayo isibebe herufi za jina lake, kijiji chake wala mwaka wake wa kuzaliwa. Namba ya mfuatano kama S-041 inatosha. Liwepo daftari moja tu la jalada gumu, rejesta ya utambulisho, linalounganisha namba na jina. Daftari hilo likae ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa msimamizi wa huduma na mwingine kwa mjumbe mmoja wa bodi aliyeteuliwa kwa maandishi, na kila linapofunguliwa iandikwe tarehe, sababu na saini mbili. Kazi za kila siku zifanyike kwa namba. Mlinzi, mhudumu wa ofisi, dereva na hata mhasibu hawana haja ya jina.

Fedha zinapotoka, hati ya malipo iandikwe “nauli ya S-041, mtu mzima mmoja na watoto wawili” na kiasi, bila kutaja mahali anakokwenda. Tiketi za mabasi huandikwa jina la abiria, kwa hiyo tiketi, pamoja na stakabadhi yoyote yenye jina, kama ya hospitali, iingizwe kwenye bahasha iliyofungwa, iandikwe namba ya mteja na namba ya hati ya malipo, kisha ikahifadhiwe pamoja na rejesta. Mteja akipewa fedha taslimu, aweke saini au dole gumba kwenye kipande cha karatasi kinachoingia humohumo. Kuwatumia wateja fedha kwa simu ni rahisi, na najua wahasibu wanaupenda utaratibu huo kwa sababu unaacha ushahidi, lakini ushahidi huohuo huacha ujumbe kwenye simu ambayo mume huishika kila jioni. Mlipeni moja kwa moja mwenye basi, mwenye nyumba ya wageni au duka la dawa.

Mkaguzi wa hesabu ataanza kwa kukataa, na msimlaumu. Mwelezeni utaratibu kabla ya kumpa kazi, na uandikwe katika barua ya makubaliano: atachagua mwenyewe hati za malipo anazotaka kuzithibitisha, bahasha za hati hizo zitafunguliwa mbele yake na wenye funguo wawili, atalinganisha kiasi, tarehe na saini, na katika karatasi zake za kazi ataandika namba peke yake. Asaini kiapo cha kutunza siri kabla hajaingia chumbani. Awe amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na kama shirika liko Iringa, ni busara kumtafuta aliye Mbeya au Dodoma, ili asikutane sokoni na mtu aliyemsoma kwenye bahasha.

Mkumbuke kwamba jina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Ukiandika kwenye taarifa ya robo mwaka kwamba mama mmoja wa kata fulani ya Makete, mwenye watoto pacha, alisaidiwa baada ya kuchomwa kwa maji ya moto, kata nzima imeshamjua. Toeni idadi kwa wilaya, na pale watu wanapokuwa chini ya watano unganisheni wilaya mbili. Picha za manusura zisipigwe hata kama uso umefichwa, kwa sababu kitenge, kovu na ukuta wa nyumba vina ndugu wanaovitambua. Mfadhili akitaka “kuwasalimia wanufaika” katika nyumba salama, jibu liwe limeandikwa ndani ya mkataba kabla ya kusainiwa, kwamba ziara huishia ofisini. Mimi nimeshuhudia mfadhili akikubali sharti hilo bila ubishi wowote alipoelezwa sababu yake, wakati watumishi walikuwa wamekesha wakiogopa kwamba fedha zitapotea.

Sheria pia iko upande wa mteja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akusanye zile tu zinazohitajika, na azilinde. Taarifa za afya, za maisha ya kimapenzi na za watoto zina ulinzi wa ziada. Fomu yenu ya mapokezi ikiuliza kabila, dhehebu na kipato cha mume bila mtu ofisini kujua majibu hayo yanatumika wapi, futeni maswali hayo.

Siri ina mpaka, na mteja aambiwe hivyo kabla hajaanza kueleza, si baada. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Maneno ninayopenda watumishi wayatumie ni haya: “Mama, utakayoniambia yatabaki hapa. Ila ukiniambia kwamba mtoto anaumizwa, itabidi twende pamoja kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na sitakuacha peke yako.” Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto ni washirika wa karibu katika kazi hii, lakini nao wasipewe faili zima kwa kuomba kwa mdomo. Mteja aridhie kwa maandishi, au iwepo amri ya mahakama, na mtu mmoja tu ndani ya shirika awe ndiye wa kujibu.

Fedha za kawaida

Mambo mengine ya fedha hayatofautiani na ya shirika lolote. Hundi zisainiwe na watu wawili wasio ndugu, anayeidhinisha malipo asiwe anayelipa, masurufu, yaani fedha anazopewa mtumishi mapema kwa ajili ya kazi, yarejeshwe kwa stakabadhi kabla ya kuchukua mengine, na daftari la benki lilinganishwe kila mwezi na mtu asiyelitunza. Posho za vikao ziwekewe kiwango kilichopitishwa na bodi na kuandikwa kwenye bajeti, na napenda ziwe ndogo kiasi kwamba mtu asitamani kikao kwa ajili yake.

Malalamiko dhidi yetu wenyewe

Mtumishi anayeamua nani apate nauli, nani alale nyumba salama na nani asindikizwe hospitali ana nguvu kubwa juu ya mtu asiye na pa kwenda. Mwaka 2018 Uingereza ilitikiswa na habari kwamba baadhi ya watumishi wa shirika la Oxfam walikuwa wamewalipa wanawake ili wafanye nao ngono nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010, na mwaka 2019 mamlaka inayosimamia mashirika ya hisani nchini humo ikalitolea shirika hilo onyo rasmi. Shirika kubwa lenye miongozo ya kila aina lilifikwa na hayo, kwa hiyo ofisi ya vyumba viwili isijidanganye kwamba wema wa watumishi wake unatosha.

Kanuni za maadili zikataze waziwazi uhusiano wa kimapenzi kati ya mtumishi na mteja, kumkopesha au kumkopa, na kupokea zawadi kwake, iwe debe la mahindi au kuku. Kwa nyanda zetu naongeza katazo moja ambalo sijaliona katika miongozo ya wageni: mtumishi, mjumbe wa bodi au ndugu yake asimchukue mteja au binti wa mteja kuwa dada wa kazi. Mabinti wa Iringa na Njombe wamekuwa wakipelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa muda mrefu kiasi kwamba kumchukua binti nyumbani kwako huonekana kuwa msaada. Lakini binti aliyekimbia kipigo, anayelala jikoni kwa yule aliyeandika faili lake, hana wa kumlalamikia.

Sanduku la maoni mlangoni halisaidii. Kila anayelisogelea anaonekana, na wengine hawaandiki. Wekeni wapokea malalamiko wawili, mmoja ndani ya shirika na mmoja nje, na angalau huyo wa nje awe mwanamke anayeheshimika na asiyelipwa na mkurugenzi. Mteja aelezwe kwa mdomo siku ya kwanza na arudiwe siku ya kuondoka, kwa lugha anayoota nayo, iwe Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, kwamba akitendewa vibaya na yeyote wetu amtafute nani na hatanyimwa huduma kwa kusema. Lalamiko lipokewe kwa maandishi ndani ya siku 3 na lijibiwe ndani ya siku 30. Linalomhusu mkurugenzi liende kwa mwenyekiti, linalomhusu mwenyekiti liende kwa wajumbe waliobaki wakiwa na Afisa Ustawi wa Jamii kama shahidi, na likiwa ni kosa la jinai liende polisi siku hiyohiyo bila kusubiri kikao. Mtumishi anayefichua maovu naye asifukuzwe kwa chinichini. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na bodi iisome.

Shirika likimaliza mwaka bila lalamiko hata moja, bodi isipongezane. Itume mtu asiye mtumishi akaongee na wateja waliokwisha kuondoka, kwa ridhaa yao, awaulize kama walijua pa kusemea.

Suluhu za ukoo

Shinikizo kubwa kuliko yote litatoka kwa wazee. Watakuja ofisini kwa adabu, wamevaa makoti, waombe jambo limalizwe kifamilia: mume atoe ng'ombe au fedha kwa wakwe, mke arudi, na mtumishi wa shirika awe shahidi. Mtumishi kijana atashindwa kuwajibu wazee hao peke yake, na ndiyo maana jibu lazima liwe kanuni ya bodi: shirika halipokei, halitunzi wala halishuhudii faini ya aina hiyo, na halisuluhishi jambo ambalo ni jinai. Atakayewaambia hivyo awe mjumbe wa bodi mwenye umri wao, kwa heshima, akiwa amesimama.

Baraza la Usuluhishi wa Ndoa ni jambo jingine, kwa kuwa Sheria ya Ndoa hulitaka shauri lipitie huko kabla ya kuombwa talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mtumishi anaweza kumsindikiza mama hadi barazani na kumweleza haki zake, lakini asikae kiti cha msuluhishi.

Kwa Msajili na kwa wananchi

Usajili unaongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Cheti hudumu miaka 10 kufuatia marekebisho ya mwaka 2019, na kila mwaka shirika huwasilisha taarifa ya kazi pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na fedha hizo zitangazwe kwa umma. Tarehe hizo ziandikwe kwenye ukuta wa ofisi, na pale penye utata muulizeni msajili msaidizi wa mkoa au wilaya, ambaye kwa kawaida ni Afisa Maendeleo ya Jamii.

Wananchi nao wapewe hesabu. Mara mbili kwa mwaka, pale kata mnazofanyia kazi, ombeni nafasi katika mkutano na katika kamati ya MTAKUWWA, ule Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, msome kwa Kiswahili chepesi fedha zilizoingia, zilizotoka, watu waliohudumiwa kwa jumla, na malalamiko yaliyopokelewa dhidi yenu. Chagueni msimu vizuri: wakati wa kuvuna mpunga Mbarali au wakati wa ulanzi, pombe ya mianzi, kule Iringa mtakuta viti vitupu, na wanawake ndio watakaokosekana kwanza.

Liko jambo la mwisho ambalo bodi huliahirisha hadi linapowakuta. Mradi ukiisha au mfadhili akiondoka, nyumba salama haifungwi kama duka. Tengeni akiba ya kuwahudumia waliomo kwa miezi mitatu, na muwe na makubaliano yaliyosainiwa mapema na Ustawi wa Jamii pamoja na shirika jirani kuhusu nani atampokea nani, kwa ridhaa ya kila mama. Mafaili yanayohitajika mahakamani yakabidhiwe kwa orodha yenye namba tupu. Mengine, muda wa kuyatunza ukiisha, yachomwe mbele ya wajumbe wawili, na rejesta ya utambulisho iwe ya mwisho kuingia motoni, jani kwa jani, hadi jalada.